Dakika Kumi na Nne za Usta Bayumi

Mimi Ibtihal, mpima sabuni kwa hadubini ya kiwanda, nasema wazi: meneja wetu mpya, Bwana Ragheb, aliletwa Aleksandria kunipandisha presha.

Wiki ya kwanza tu alimkuta Usta Bayumi, fundi wa pipa la kukorogea sabuni laini ya kopo, amezima mashine, amekalia ndoo, anakunywa chai. Miaka ishirini na sita, ukorogaji ukifika katikati, Usta huzima, hunywa, huwasha.

"Hapa kiwandani au mkahawani?" meneja akafoka. Chai ikapigwa marufuku.

Kesho yake sabuni ikagoma. Badala ya kuchoteka kwa kidole, iligeuka zege, ikakwama bombani. Tulichomeka koleo, mpaka leo halijatoka. Meneja akaandika barua ya kumfukuza Usta, ati amehujumu.

Roho iliniuma. Nikazitazama sabuni zote mbili kwa hadubini. Ya zamani ilikuwa matabaka yaliyotulia, kama fitiri, ile chapati ya matabaka ya mama yangu. Hii mpya, iliyokorogwa bila kupumua, ilikuwa imejiviringa vidonge vilivyobanana.

"Bwana, sabuni inataka kupumzika katikati," nikamwambia. "Chai ndiyo iliyokuwa inaipumzisha."

"Acha mzaha!" Lakini akajaribu mwenyewe. Akazima, akagida glasi kwa mafunda mawili, akawasha. Zege tena.

"Umeikimbiza, baba," Usta akamcheka. "Chai ya moto vile! Una ulimi wa bati?"

Basi ikaundwa kamati. Mabwana watatu wakamzunguka Usta: mmoja na saa, wa pili anahesabu mafunda, wa tatu anaandika vijiko vya sukari. Akaombwa asikohoe.

"Jamani, mnangoja ninywe au nijifungue?"

Dakika kumi na nne kamili. Sabuni ikatoka laini kama siagi. Barua ikachanwa, nami nikapiga vigelegele palepale, bila haya.

Jumapili, wiki ya kazi ilipoanza, nikakuta kisanduku kimefungwa kwenye pipa. Kinazima chenyewe, kinangoja dakika kumi na nne, kinawasha. Usta alikuwa anavua aproni.

"Wamekufukuza?"

"La, wamenistaafisha. Kwa heshima, na cheti."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alinitazama bila hasira yoyote, na heri angenitukana.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Umenipima vizuri."