Usiguse kwa Mkono Mtupu

Kama kunyima watu sifa kungekuwa kazi, baba wa binti huyu angekuwa tajiri. Fundi wa propela miaka thelathini, mkono wa kushoto una vidole vinne tu, cha kati kilienda na mnyororo wa winchi. Umfanyie kazi safi namna gani, jibu lake ni lile lile: "Haya, fagia."

Siku alipomwachia bintiye propela ya boti ya abiria aing'arishe peke yake, alimwekea na masharti.

"Boti ikirudi baada ya miezi minane na propela ni safi, karakana ni yako, mimi napumzika. Ikiota magamba ya baharini, unarudi dukani kuuza rangi."

Dukani! Alikuwa ameuza rangi miaka sita, na ile kaunta aliichukia kwa moyo wote. Basi akaikalia propela siku nne. Akakwangua mwani na magamba, akapiga msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka shaba ikamwonyesha sura yake, jasho na vumbi na vyote. Mwisho akapitisha soksi nyepesi ya kike juu ya kila bawa, kama alivyofundishwa: uzi ukikwama, rudi kwenye msasa. Haukukwama. Akafuta kwa spiriti, akaenda kula, akarudi na glavu kupaka rangi ya utelezi, ile isiyoacha kiumbe ajishike. Sheria kuu ya karakana aliishika kweli kweli: ukishafuta, usiguse shaba kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi yakibaki, rangi hubanduka, na magamba hayapigi hodi.

Miezi minane baadaye boti ikavutwa juu ya reli, ikichuruzika maji. Bawa la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, moyo ukamshuka: katikati palikuwa na doa la magamba yaliyosongamana.

"Basi, Baba," akasema, akivua glavu. "Nimeshindwa. Narudi dukani."

Nahodha wa boti, mtu asiyeweza kupitwa na jambo, akainama kuchungulia.

"Hebu njooni. Mbona hili doa lina vidole?"

Kweli. Kiganja cha kushoto kizima, na vidole vyake. Ila pale pa kidole cha kati palikuwa safi.

Wote wawili wakageukia mkono wa mzee, naye akauchomeka mfukoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Ulipoenda kula," akasema hatimaye, macho chini, "nilikuja kukagua. Nikatafuta kosa, nikakosa. Nikaipigapiga kidogo."

"Kwa mkono mtupu. Wewe, Baba."

"Ilikuwa nzuri, mwanangu. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, hata yangu."

Machozi yakamtoka binti, wala hakuyaficha. Neno hilo alikuwa amelingoja tangu utotoni.

Mzee akatoa funguo za karakana, akamtilia mkononi. Kisha akavaa glavu, akapiga magoti, akaanza kukwangua doa lake mwenyewe, akihema mpaka gamba la mwisho lilipodondoka.

"Limetoka?" akauliza.

Binti akapitisha soksi. Haikukwama.

"Haya," akamwambia. "Fagia."

Mzee akacheka, akaenda kuchukua ufagio.