Kufuli Mbili za Boneti

Mzee Makori alikuja gereji na kiti chake mwenyewe. Hebu fikiria! Fundi Okemwa ana mabenchi pale nyuma ya stendi ya Migori, watu hukaa wakanywa chai, lakini mzee alibeba kiti kutoka dukani kwake, akakitua karibu kabisa na pikapu, akaanza kulinda. Alikuwa analinda injini isiibwe na mimi, dereva wake.

Jina langu ni Byron. Ile Datsun niliijua kuliko mtu yeyote. Nilijua inakohoa saa ngapi, nilijua gia ipi inataka kubembelezwa. Lakini betri ilipokufa, kama betri zote zinavyokufa, mtu wa sokoni alimnong'oneza mzee kwamba madereva huuza betri nzima na kurudisha kuukuu. Basi! Kesho yake mzee alisimama pale tunapojaza petroli, madereva wamejaa, akapaza sauti: "Huyu Byron ananiibia!"

Yawa, niliungua. Dereva akishaitwa mwizi Migori, hapati tena gari, hata la kubeba samadi. Nina mke, nina watoto, na kazi ninayoijua ni usukani. Niliapa kwamba siku moja mzee atayameza yale maneno mbele ya watu walewale.

Kilichotupeleka kwa Okemwa ni ng'ombe wa Lambwe aliyeingia barabarani akaikunja boneti ya zamani. Mzee alinunua nyingine Kisii, mpya lakini ya kuiga, si ya kampuni yenyewe. Ilipowekwa, komeo lake halikufikia mahali pake.

"Ukienda hivi, upepo utaiinua na kuibandika kwenye kioo," fundi akasema. "Tuweke pini mbili mbele, kama za magari ya rali."

"Nani amekufundisha hayo?" Mzee alimuuliza fundi, lakini macho yalikuwa kwangu.

Okemwa alisimamisha pini, akapaka grisi kwenye ncha, akaishusha boneti taratibu. Grisi ikaacha alama mahali pa kutoboa. Mzee aliinuka akazikagua zile alama kana kwamba ni nyayo za mwizi. Matundu yakatobolewa, ukaja msasa, ikaja praima, ile rangi ya kwanza, kisha fundi akamwaga maji chini ili vumbi lisiruke, akapuliza rangi nyeupe. Mzee alifuata kila mkebe kwa macho. Alipokwenda haja ndogo alibeba mkebe wa thina ya kuchanganyia rangi. Haki ya Mungu, aliubeba, akarudi nao!

Rangi ilipokauka, boneti iling'aa mpaka nikasahau hasira. Okemwa akaonyesha klipu zilizopita kwenye tundu la kila pini kuzuia boneti. "Unavuta hivi tu, boneti iko wazi."

"Hapo ndipo shida ilipo," mzee akasema. Akatoa kwenye koti kufuli mbili za kutia mahali pa klipu.

Kabla ya kufunga alichukua brashi na rangi iliyobaki, akatia doa jeupe kwenye betri, kwenye kabureta, kwenye kila kitu kinachoweza kufunguliwa. "Mali bila daftari huisha bila habari," alisema, na kwa kila doa alinitupia jicho.

"Na maji, mzee?" nikauliza. "Mimi hutazama maji na oili kila asubuhi."

"Utaniomba ufunguo."

"Nikiwa Mbita je?"

"Ukiwa Mbita unataka kufungua nini?"

Okemwa akakohoa. "Mzee, pini kazi yake ni kufunguliwa haraka."

"Kumbe na wewe mnakula naye?"

Fundi akaokota klipu zake. Mzee akafunga kufuli, akavuta kila moja kuijaribu. "Siku nitakayokuta kufuli imeguswa, Byron, nakupeleka polisi. Sitauliza swali."

Siku niliyotumwa Mbita kubeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, nilimwomba ufunguo nitazame maji. Alikuwa anahudumia wateja. "Una haraka gani na injini yangu?" akasema, wateja wakacheka. Nikaondoka na aibu yangu.

Scovia, mama mwenye omena, alikaa mbele nami wakati wa kurudi. Tulipofika Lambwe, mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nikasimama, nikalala chini. Maji yalikuwa yanadondoka, mpira wa rejeta umepasuka. Nikapenyeza mkono kutoka chini, ukaingia hadi kiwiko, ukaungua kabla ya kuufikia mpira. Na chini ya kiti changu kulikuwa na kipande cha tyubu cha kufunga mpira kama ule!

"Vunja hizo kufuli," Scovia akasema. Spana ya magurudumu ilikuwa mkononi mwangu tayari.

"Mama, ukivunja wewe, ni hasira. Nikivunja mimi, ni wizi."

"Omera, ndugu yangu, gari litakufa!"

Nilijua. Nilisimama mbele ya ile rangi nyeupe. Kisha nikairudisha spana ndani.

Tulisubiri ipoe, tukaenda kidogo, tukasubiri tena, mpaka Homa Bay. Pale duka moja lilikuwa na simu. Nikapiga dukani kwa mzee, Scovia akaegemea asikie.

"Mzee, mpira umepasuka. Naomba ruhusa nivunje kufuli."

"Ahaa!" Alicheka. "Nilijua utaleta hadithi."

"Basi tuma ufunguo kwa matatu. Nitalala hapa hapa nisubiri."

"Nikutumie ufunguo, wewe? Leta gari Migori, na kufuli zikiwa nzima."

"Litakufa njiani."

"Leta gari!" Akakata.

Nikamgeukia Scovia. "Umesikia?"

"Nimesikia kila neno."

Tukahamishia magunia yake kwenye lori lililokuwa linakwenda Migori, lakini yeye akakataa kupanda. Alisema anataka kuuona mwisho wa kisa hiki. Tulipopita Rodi Kopany injini iligonga mara kadhaa, ikalia kama chuma kinachokatwa, ikanyamaza. Nililia, sioni haya kusema. Ile injini ilikuwa inalisha watoto wangu.

Lori lingine lilituvuta mpaka kwa Okemwa. Habari ilikuwa imetutangulia, na madereva wale wale wa pale petroli walikuwa wamejaa. Mzee alinipita bila salamu, akainama kwenye kufuli, akazigeuza, akatafuta mikwaruzo. Hakuna. Akazifungua.

"Betri ipo," alianza, akigusa doa. "Kabureta ipo."

Okemwa akatia spana kuzungusha injini. Akasukuma kwa mikono miwili, haikusogea. "Imeshikana, mzee. Hii imekufa." Akaonyesha ule mpira. "Hapa pangetosha kipande cha tyubu."

"Mimi nilisikia simu!" Scovia akasema. "Aliomba ruhusa. Akaomba ufunguo."

Mzee aliendelea na madoa yake mpaka la mwisho.

"Kimepotea nini?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Sema basi. Kwa sauti uliyotumia siku ile."

Alitazama watu. Hakuna aliyemsaidia. "Byron hajaiba," akasema, na safari hii kila mtu alisikia.

Moyo wangu ulitulia, kweli kabisa. Nikaweka ufunguo wa kuwashia gari kwenye kiganja chake. Dereva mmoja akanishika bega, akaniambia kuna bosi wake anayetafuta mtu, nipite kesho.

Mzee Makori aliishusha boneti polepole, akapangusa alama za vidole vya Okemwa kwenye rangi, akarudisha kufuli zote mbili. Akavuta kila moja kuijaribu. Kisha akaenda dukani kuchukua kiti chake.