Uzi Uliokata Kona

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, uzi wa mwalimu wa jiografia ulikata kona mahali ambapo ramani haikuwa na kona.

Ulikuwa uzi mweupe wa pamba, ameuazima kwa mwalimu wa ushonaji. Wiki iliyotangulia darasa la mtihani lilikuwa limemaliza aina za ramani: za kisiasa zinazoonyesha mipaka, za takwimu zinazoonyesha mvua na idadi ya watu, za topografia zinazoonyesha vilima, vijito na njia. Sasa walikuwa kwenye kipimio. Unalaza uzi juu ya njia, unaifuata mpindo kwa mpindo, unaukata mwishoni, unaunyoosha kwenye rula. Kwenye ramani ile sentimita mbili zilikuwa kilomita moja. Kila mwanafunzi alipita mbele akapima njia ya kutoka kwao hadi shuleni. Binti mmoja hakuwa amefika, kama kawaida yake, kwa hiyo mwalimu akampimia.

Njia ya binti huyo ilikuwa mstari mwekundu ulionyooka, sentimita nne tu. Uzi uliufuata kwa sentimita moja, kisha ukapinda kushoto, ukaambaa na eneo jeupe ambalo ufunguo wa ramani uliliita ardhi wazi, ukashuka kijitoni, ukazunguka. Mwalimu aliuondoa, akaulaza upya. Ulipinda palepale. Aliponyoosha kipande kile kwenye rula kilifika sentimita kumi na nane. Kilikuwa kimeloa, na kilikuwa kimebeba mbegu tatu za gugu la kishona nguo. Mwalimu alizibandua, akaandika ubaoni: kilomita tisa.

Saa tatu na dakika tano binti aliingia, sketi imelowa mpaka magotini.

"Bi Saa Tatu huyo!" mmoja akapiga kelele nyuma. "Kengele ya nini tena? Tumuulize yeye saa!"

"Funga mdomo wako, fungua daftari," mwalimu alisema. Akamgeukia binti. "Kwenu unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, Mwalimu. Mama hataki nitoke kungali giza."

"Na daraja la kijitoni?"

"Liko ndani ya ukuta siku hizi. Mlinzi anasema nikikanyaga tu, anafungulia mbwa. Nazunguka mpaka ukuta unapoishia." Alifikiri kidogo. "Ila kila mwezi unaishia mbele zaidi."

Ukuta ulikuwa wa mwekezaji. Ulikuwa na miaka mitatu na urefu wa mita tatu, na njia ya watu wote ilikuwa imebaki upande wa ndani.

Shule ilikuwa na kanuni mbili zilizomhusu. Mwanafunzi wa darasa la mtihani anayekaa zaidi ya kilomita tano hupewa kitanda bwenini. Mwanafunzi aliyechelewa mara thelathini kwa muhula mmoja huondolewa kwenye orodha ya watahiniwa. Fomu ya binti ilisema kilomita mbili. Kuchelewa kwake muhula huo kulikuwa kumefika mara saba, na yeye ndiye aliyeongoza darasa kwa kusoma ramani.

Mwalimu alipeleka uzi kwa mwalimu mkuu ndani ya bahasha. Mwalimu mkuu aliugusa, akafuta vidole.

"Umelowa huu."

"Kijito, mzee. Maji yanamfika magotini."

"Agiza wa nailoni basi. Pamba itaniozeshea ramani." Kuhusu kitanda alisema hilo ni la mkaguzi.

Mkaguzi alikuja baada ya wiki mbili. Vitanda sita vilikuwa vitupu bwenini, magodoro yamekunjwa. Alikaribishwa kiti, akavaa miwani, akaipima njia mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Ulimponyoka kidoleni palepale, ukazunguka eneo jeupe, ukaenda mbali kuliko mara ya kwanza. Sentimita ishirini na tatu. Alipouvuta ulinasa, akavuta tena, ukatoka na kipande cha seng'enge chenye kutu. Alikiweka kwenye kisahani cha kikombe chake.

"Kilomita kumi na moja na nusu," alimwambia mwalimu wa jiografia. "Upimaji wako ni sahihi, dada."

"Basi apewe kitanda."

"Fomu inataka umbali wa kwenye ramani. Kwa rula." Aliweka rula. "Mbili."

"Rula inapita ukutani, mzee. Mtoto hapiti."

"Ukuta haumo kwenye ramani."

"Ulijengwa ramani ikiwa imeshachapwa. Ichorwe upya."

"Inachorwa. Mwenye ukuta ndiye mfadhili." Mkaguzi alivua miwani. "Nimeiona rasimu. Imependeza. Ile njia wameifuta, naona itakupunguzia usumbufu."

Mwalimu hakumung'unya maneno. Alimwambia kwamba anamwibia mtoto mtihani mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na kalamu mkononi. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, akaandika 2 kwenye fomu, akaomba chai iongezwe.

Siku hiyo jioni mwalimu alikwenda hadi getini kwa mwekezaji, akarudishwa na mlinzi. Aliandika barua mbili ofisi ya elimu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa. Akamwambia binti atalala kwake, chumba kipo. Mama mtu alikubali siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alikataa: mwanafunzi kulala kwa mwalimu ni kinyume cha kanuni ya tatu.

Darasa lilizoea. Asubuhi mwanafunzi wa zamu alilaza uzi juu ya ramani, akasoma sentimita, na wenzake wakajua mwenzao atafika saa ngapi. Hawakukosea hata mara moja. Uzi ulipofika sentimita ishirini na saba waliacha kumwita Bi Saa Tatu.

Alhamisi, saa moja na nusu, kengele ililia na kiti cha binti kilikuwa kitupu. Ilikuwa mara ya thelathini. Saa mbili na nusu mwalimu mkuu alilikata jina lake, akapiga mhuri, akampa tarishi orodha. Mwalimu wa jiografia alisimama mlangoni pa ofisi mikono yote miwili kwenye fremu. Tarishi akasema samahani, Mwalimu, akapita chini ya mkono wake.

Saa nne kasoro dakika kumi binti aliingia, akasema shikamoo, akakamua pindo la sketi mlangoni, akaketi.