Inchi Mbili za Mama

Jiwe lilipokwaruza tumbo la gari kwa mara ya tatu asubuhi ile, mama alishika mkanda kwa mikono miwili, akafumba macho, akasubiri lipite. Binti yake, aliyekuwa kwenye usukani, alijua hapohapo kwamba hawezi kuliahirisha tena jambo la kulinyanyua gari hili.

Ilikuwa pikapu ndogo ya silinda nne, iliyoachwa na marehemu baba. Kwa miezi minane ilikuwa ikimpeleka mama hospitali kusafishwa damu, maana figo zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki, kwenye barabara ambayo mvua ilikuwa imeila nyama ikabakiza mifupa. Binti alikuwa mshonaji. Siku za hospitali alifunika cherehani asubuhi, akirudi alasiri anakuta wateja wamekaa kibarazani wanamtazama kama mtu aliyetoka matembezini. Alikuwa na uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Jioni alimpigia simu kaka yake, aliyeishi mbali na kujua kila kitu.

"Linyanyue inchi nne," kaka alisema. "Lipite juu ya mawe kama halijayaona. Ngoja nikutumie picha."

Picha zikaja, kumi na moja, zote za magari yaliyosimama kama mbuzi juu ya kichuguu.

Kesho yake hakukuwa na safari ya hospitali, akaenda duka la spea. Muuzaji alikuwa na mdomo wa asali. Alimpangia juu ya meza shokapu ndefu nyekundu na springi za bamba saba, kila bamba nene kama kizingiti.

"Chukua seti nzima, dada. Inchi nne. Barabarani watakupisha wenyewe."

"Mbona kama ngumu?"

"Ugumu ndio uimara, dada."

"Ninayembeba ni mgonjwa."

"Mgonjwa au saruji, gari ni gari."

Binti akamshukuru, akatoka mikono mitupu. Hakutaka kubishana. Akalipeleka gari kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza tangu enzi za baba, ambaye watu walimwita Mzee Pole, kwa sababu kila ulilomweleza alikujibu pole kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Pole."

"Hata sijasema."

"Nakuona uso."

Mzee Pole alilala chali chini ya gari na tochi yake, akakaa huko muda mrefu mpaka binti akadhani amesinzia. Alipotoka alijifuta mikono, akamwambia kwamba zile bamba za springi za nyuma zimelala. Gari halikuzaliwa fupi hivi, miaka imelishusha. Halafu akauliza swali ambalo kaka wala muuzaji hawakuliuliza.

"Mama anapandaje?"

Mama alikuwa akipanda kwa shida, hilo binti alilijua. Lakini kiasi gani cha shida, hakuwahi kupima, yeye ambaye kazi yake ni kupima watu.

Alirudi nyumbani, akachukua tepu yake ya kushonea, akamkuta mama ameketi mlangoni.

"Mama, simama ushike mwimo. Inua mguu mpaka pale unapoweza."

"Unanishonea suruali?"

"Nakushonea gari."

Mama akacheka, mpaka akalazimika kukaa tena. Aliposimama, mguu ulipanda inchi kumi na nane. Mara ya pili, kumi na saba.

"Andika kumi na saba," mama alisema. "Nikitoka kwenye ile mashine, hiyo kumi na nane siifikishi."

Binti akaenda kupima gari. Kutoka chini hadi pale mguu unapokanyaga ni inchi kumi na tano. Zimebaki mbili.

"Tukitumia kistuli?" akauliza.

"Kistuli ushike wewe, mlango ushike wewe, na mimi unishike wewe. Una mikono mingapi, mwanangu?"

Basi ikawa mbili. Mzee Pole alipoisikia hesabu hiyo aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nyuma wangeweka springi mpya, laini, za aina ileile iliyokuja na gari. Hizo peke yake zingerudisha inchi moja na nusu. Nusu iliyobaki angeipata kwa kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Mbele, kusiko na springi za bamba, angekaza vyuma virefu vinavyojisokota kubeba uzito, kidogo kidogo, maana ukizidisha gari linakuwa kiti cha mbao. Na shokapu mpya, zisizo nyekundu.

"Na matairi makubwa?" binti aliuliza, akikumbuka picha.

"Kwa injini hii? Mlimani italia kama mtoto. Acha."

Kaka alipoambiwa alishangaa. "Inchi mbili? Hata hazitaonekana!"

"Hazikununuliwa zionekane, kaka." Akamuaga vizuri, bila hasira. Hasira nayo inataka nguvu.

Siku ya kwanza ya hospitali baada ya gari kunyanyuliwa, mama aliweka mguu wa kulia, akavuta, akarudi chini. Binti akasogea kumbeba.

"Niache. Sijawa gunia."

Akajaribu tena, akapanda, akakaa akihema, macho mekundu kwa juhudi. Wakaondoka. Kwenye mawe gari liliinama huku, likainama kule, likapita. Kwenye mtaro mmoja liligusa chini, mara moja tu. Binti aligeuka kumpa mama pole, akamkuta amelala, kichwa kimeegemea kioo, mkanda umelegea mikononi.

Alifika, akazima injini. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kabla ya zamu yao. Akashusha kioo, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akakaa hivyo.

"Tumefika?" mama aliuliza baadaye.

"Kitambo."

"Mbona hukuniamsha?"

"Na mimi nilikuwa napumzika."

Mama akamfuta vumbi shavuni kwa kidole gumba. Nesi alitokea mlangoni na faili, akawapungia mkono. Binti akashuka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango.