Breki za Adhuhuri

Keynan aliingia kituoni kwetu, cha kukagua magari, saa moja na nusu asubuhi, wa tatu kwenye foleni, akiendesha gari lile lile lililofanya ninyang'anywe watoto. Nilimwona kabla hajaniona. Nikamwambia Mahat, mkaguzi mwenzangu, kwamba hilo jeupe dogo, la mlango wa nyuma wa kuinua, ni langu kulikagua.

"Si huyo ni yule..." Mahat akaanza.

"Ndiye."

"Abaayo Fosia, dada yangu, kanuni inasema usikague gari la jamaa yako."

"Mtu aliyeniacha si jamaa yangu," nikamjibu. Akanipisha. Mahat ni mtu wa Wajir, mpole, na kisa changu alikijua kama mji mzima unavyokijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka mitano iliyopita, mchana wa jua kali, nilikuwa natoka sokoni na kigari hicho, binti yangu Osob amekaa nyuma. Alikuwa na miaka minne. Karibu na nyumbani mbuzi wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini kama nimekanyaga godoro, tukaingia ukuta wa duka. Osob alipasuka kidevu, akashonwa nyuzi sita. Nilisema breki zimekataa. Kesho yake asubuhi Keynan, mume wangu wakati huo, alimleta fundi. Fundi akaliendesha mara tatu, likasimama mara tatu, akasema breki ni nzima kabisa. Wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao. Keynan akasimama mbele yao, akaapa, akasema, "Mwanamke huyu amezembea, sasa anasingizia chuma." Wakaamua Osob na mdogo wake Siyad wakae kwa baba yao, mimi niwe nikiwaona siku ya Ijumaa. Talaka ilifuata kabla ya mwezi kuisha.

Sikulia mbele yao. Nilienda Nairobi kusomea umakanika, wanaume ishirini na mimi darasani, kwa sababu moja tu: nilitaka kujua pedali ile ilizama vipi. Nilipojua, niliketi kwenye sakafu ya karakana nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akauliza kama naumwa. Ndani ya masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, kuna kimpira. Kikichakaa, asubuhi kikiwa baridi hushika vizuri. Kikipata moto huacha mafuta yapite pembeni, na pedali huzama. Fundi wa asubuhi hawezi kuliona hilo. Hata mashine yetu ya kituoni hailioni, kwa sababu tunapima gari likiwa limepoa, foleni inasukumana, tunabandika stika na mtu anaenda zake. Magari madogo ya familia tunayoyaangusha huanguka kwa mambo ya macho: taa ya namba imekufa, tairi imeliwa upande mmoja, waipa zimekauka kwa jua, boljointi ya gurudumu inagonga. La masta linapita, na ndilo linaloua.

Nilihamishiwa Garissa mwezi uliopita kutoka Isiolo, na tangu siku ya kwanza nilikuwa nalisubiri gari hilo jeupe. Nakiri hivyo. Nililiombea lije, baada ya swala, moyo umejaa chuki, na sijui dua ya namna hiyo hupokelewa vipi.

Ilipofika zamu yake akaniona.

"Naa, wewe Fosia! Kumbe siku hizi unashika spana?" Akawageukia watu wa foleni. "Huyu mama alibomoa duka la mtu na hii gari. Leo ndio anapima breki!"

Wanaume wawili wakacheka. Niliziweka sura zao kichwani.

"Funguo," nikasema.

"Hii gari haina shida, wallahi. Nauzia binamu yangu wa Griftu, anataka stika tu."

Alikuwa amejiandaa. Tairi mpya, waipa mpya, taa zote zinawaka, hata honi ilikuwa imesafishwa koo. Nikaingia chini nikatikisa kila kitu kinachotikisika, nikatoka na vumbi tu. Kwenye mashine ya breki, magurudumu ya mbele yalishika sawasawa, ya nyuma pia, na breki ya mkono ilikuwa kali kuliko ya gari langu mwenyewe. Hiyo ya mkono niliipima mara mbili, kwa sababu nilijua nitaihitaji.

"Si unaona? Gonga muhuri niende."

"Bado kupima moshi. Egesha pale, usizime injini, na usitoke ndani."

Pale nilipomwonyesha hapakuwa na kivuli hata cha nguzo. Baada ya nusu saa akapaza sauti kuuliza. Nikamwambia mtandao umepotea. Mtandao ulikuwepo, Mahat alikuwa akichapisha fomu za watu nyuma yangu, tena mashine ya kuchapisha ina kelele. Sijawahi kufurahia uongo kama ule. Saa nne akauliza tena, nikamwambia asubiri. Saa tano akasema ana kiu, nikamwambia maji yanauzwa ng'ambo ya barabara, lakini akitoka kwenye gari atarudi mwisho wa foleni. Aliniangalia kwa hasira ya mtu asiyeweza kufanya kitu. Niliijua hasira hiyo vizuri, nimelala nayo miaka mitano.

Saa sita na nusu, injini ikiwa imechemka na mimi pia, nikaenda kufungua mlango wa abiria.

"Sasa tunalijaribu barabarani. Wewe utaendesha. Mahat, kaa nyuma."

Mahat nilimtaka kwa makusudi. Wazee hawakuniamini peke yangu, lakini mwanaume asiye ndugu yangu wala wa Keynan watamsikiliza. Tukaingia njia ya vumbi iliyo nyuma ya kituo, isiyopitiwa na mtu, inayoishia kwenye kichaka kizito cha miiba ya mathenge. Nikaweka mkono juu ya breki ya mkono.

"Kimbiza. Kanyaga. Achia. Kimbiza tena."

Tulienda na kurudi, kwenda na kurudi. Nilimkanyagisha mara kumi. Muda wote Keynan alilalamika kwamba serikali inaajiri watu wasio na kazi, kwamba binamu yake anangoja, kwamba nina kinyongo. Hapo alisema kweli. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: pedali ikizama nitahesabu hadi tatu kabla ya kuvuta ya mkono, ili nimsikie akipiga ukelele, ili aone ule ukuta niliouona mimi. Nilitaka hizo sekunde tatu kuliko nilivyotaka chakula.

"Kimbiza. Kanyaga."

Nikaona goti lake linashuka, linashuka, mpaka chini kabisa. Imezama. Mathenge yanakuja.

Moja, nikahesabu.

Keynan hakupiga ukelele. Hata hakukatiza maneno yake. Aliinua mguu akapiga pedali mara tatu za haraka, papapa, mkono wake ukashusha gia wenyewe, na gari likajikaza na kusimama hatua chache kabla ya miiba. "Na hata huo mtandao wenu," alikuwa anamalizia, "kila siku umepotea."

Mkono wangu ulikuwa bado umeshika breki ya mkono, haujavuta kitu. Aliyeongea alikuwa Mahat, huko nyuma.

"Waryaa," akamwambia Keynan taratibu, "mguu wako umezoea."

Furaha yote niliyokuwa nimeibeba tangu asubuhi ikanitoka. Mtu anayeshtukizwa na breki hupiga kelele, kama nilivyopiga mimi. Huyu alikuwa anaijua.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Inafanya hivyo ikipata moto tu. Ukijua kukanyaga haina shida."

"Nimeuliza tangu lini, Keynan."

Akaangalia usukani. "Tangu tununue."

Tulilinunua mwaka mmoja kabla ya ule ukuta. Mwaka mzima alikuwa akinipa funguo na kuniambia niende salama. Kisha akasimama mbele ya wazee, mwanawe ana nyuzi kidevuni, akaapa.

"Ningewaambia nini?" akasema, sasa sauti imeshuka. "Kwamba nilijua nikakuachia hivyo hivyo? Wangenitemea mate."

"Leo asubuhi watoto walifika vipi shuleni?"

Akajipangusa jasho.

"Na hii gari," akasema.

Nikachomoa ufunguo. Nikaweka fomu juu ya paja, nikaandika kwa mkono, herufi kubwa ambazo hata mzee asiye na miwani atazisoma: masta ya breki imekufa, pedali inazama ikipata moto, mwenye gari amekiri kujua tangu kulinunua. Mahat akaisoma yote, akatia sahihi bila kuambiwa.

"Fosia, hiyo karatasi usiwapelekee wazee," Keynan akasema. "Tuongee sisi wawili. Nitakuletea watoto Alhamisi pia."

Siku moja. Alikuwa ananiongezea siku moja.

Nikashuka. Saa tisa ningekuwa kwenye geti la shule, na kabla ya Magharibi wazee wangekuwa wamekaa, na Mahat mbele yao. Keynan akatoa kichwa dirishani, jua likimpiga usoni.

"Na mimi nirudi mjini vipi?"

"Kwa miguu," nikamwambia. "Na ukifika, zifunge nguo za watoto. Zote."