Madame E., Muuza Viazi

Mwenye kumtafuta Nathanaël hakuwa na haja ya kujua namba ya nyumba. Aende tu Shari, mtaa wa Bunia, aulize yule kijana anayewarudishia watu maneno yao. Tangu aanze kusoma Master ya saikolojia, ukimwambia, "Nathanaël, nina njaa," hakupi chakula. Anainamisha kichwa upande, anakutazama kwa huruma ya darasani, anasema, "Nasikia kwamba uko na njaa." Baba wee! Kama umeisikia, si ulete kiazi?

Hakuzaliwa hivyo. Kwa miaka alikuwa msikilizaji wa kawaida katika shirika moja linalosaidia watu waliokimbia vita Djugu. Anakaa ndani ya hema, mama analia, yeye anampa maji na kunyamaza. Watu walimpenda kwa huko kunyamaza kwake. Halafu poste ya superviseur, mkubwa wa wasikilizaji, ikafunguka, yenye gari, ofisi na kiti kinachozunguka, na wakubwa wakatangaza kwamba bila Master hakuna mtu ataigusa. Kumbe hata kunyamaza kuna digrii! Wakakubali kumngoja Nathanaël mpaka siku ya kutetea mémoire, kile kitabu cha mwisho wa masomo. Akipata alama nzuri, poste ni yake. Akiyumba, inakwenda kwa Fiacre, mwenzake wa kazi, mwenye Master tayari na mdomo usiofungwa hata kwa kamba.

Sasa mémoire ya saikolojia inataka mgonjwa. "Kitabu bila mgonjwa ni bugali bila mboga," profesa wake alimwambia. Watu wa kambini hawakumfaa. Wamesimulia mashirika mengi kiasi kwamba sasa wanazisema taabu zao kama katekisimu, na mwishoni wanauliza turubai zitagawiwa lini. Nathanaël akatafuta mbali, hakupata, akageuza macho nyumbani.

Nyumbani alikuwapo Mama Elisabeth, mdogo wa marehemu mama yake. Huyo ndiye aliyemlea kule Kpandroma, hukohuko Djugu, tangu akiwa na meno ya maziwa. Vita vilipoingia, Nathanaël alikuwa Bunia shuleni. Mama Elisabeth, mjane, alikimbia kwa miguu na watoto wake wawili, akafika Shari, akaanza kuuza viazi sokoni. Mama mkwe wake, Bibi Marta, hakufika. Moyo ulisimama njiani, alisema Mama Elisabeth, na wasamaria wakamzika. Ukoo ukamwamini, ukalia kidogo, maana siku zile kila nyumba ilikuwa na wa kwake wa kulia, na matanga hayakuwekwa. Ila tangu hapo mama huyo hakulala usingizi wa mtu. Zamani Nathanaël alimpikia chai na kukaa naye mlangoni. Baada ya kuingia Master, alimtazama akaona sura ya tatu ya mémoire yake.

"Mama, weye uko na kitu ndani," alimwanza jioni moja.

"Niko na viazi ndani. Kama watu hawakuje kununua, vitaoza."

"Mficha uchi hazai, mama."

"Kwani mi nazaa tena? Mungu ananiona, jirani ananiona, hii masomo itakuua!"

Hicho ndicho kiapo chake. Mungu ananiona, jirani ananiona. Sokoni wanamwigiza, kwenye familia wanamwigiza, na Congo nzima hakuna mwingine anayeapa hivyo.

Lakini kijana hakuchoka. Alimrudia jana, akamrudia leo, simu iko juu ya meza inarekodi, "ya kusomea tu, mama." Akamwapia kwamba msikilizaji aliyesoma anafungwa mdomo na sheria, maneno yatabaki kati yao wawili. Mama Elisabeth alimtazama sana. Akasema, "Sawa. Juu weye ni mutoto yangu." Akafungua.

Bibi Marta hakufa na moyo. Mama Elisabeth alimbeba mgongoni mpaka magoti yakakataa, risasi zikalia karibu, watoto wakaanza kupotea gizani. Akamweka bibi katika shamba la maharage, akamfunika blanketi, akamwambia atarudi. Hakurudi. Aliyasema hayo akilia kama mtoto mdogo, kisha akamshika Nathanaël mkono. "Dominique asijue. Ni mama yake, Nathanaël. Akijua, mi sina ndugu tena."

Papa Dominique alikuwa shemeji yake, kaka ya marehemu mume wake, mtu pekee wa upande ule aliyebaki kumwita dada. Usiku ule Mama Elisabeth alilala mpaka asubuhi, na Nathanaël alifurahi kweli, furaha safi ya mtoto kwa mama. Furaha ikadumu mpaka alipokumbuka kwamba sura ya tatu imepatikana.

Usidhani hakumlinda. Alimlinda! Alilifuta jina Elisabeth, akaandika "Madame E." Ulinzi wa namna gani huo! Mjane wa Kpandroma, miaka hamsini na nane, muuza viazi Shari, mlezi wa mtoto wa dada yake. Hata mbuzi wa Shari wangekuonyesha nyumba. Lakini Nathanaël aliweka imani yake kwenye jambo moja linalojulikana na wasomi wote: mémoire haisomwi. Inashonwa vizuri, inatiwa jalada la bluu, inaingia kabatini, na panya ndio wanaoifikia. Hata jury, maprofesa wanaotoa alama, haiisomi.

Alichosahau ni kwamba mémoire inatetewa mbele ya watu, na kwetu hakuna mtu anayetetea peke yake kama mwizi. Ukoo unakuja. Mama Elisabeth ndiye aliyechagua kitenge cha sare, akanunua mbuzi, akaagiza sombe, majani ya muhogo. Papa Dominique, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, alitoka Mahagi-Port na samaki wa moshi na suti yake ya sherehe. Nathanaël alipoona sufuria zimeanza kukusanyika, akajua sura ya tatu itawafikia wenyewe. Akafanya hila. Jury ilipangwa saa tatu asubuhi, yeye akawaambia saa tano, ili wafike wakute mambo yamekwisha, wale chakula tu.

Maskini, alisahau anaishi wapi. Lini jury ya Bunia ilianza saa tatu? Maprofesa waliingia saa tano kamili, na ukoo ukaingia nyuma yao ukiimba. Mama Elisabeth akakaa mstari wa mbele, kitenge kinang'aa, na Papa Dominique kando yake. Nyuma kabisa alikaa Fiacre, aliyekuja "kumpa nguvu."

Bado ilikuwepo nafasi. Angeweza kusema mgonjwa wake hayuko tayari kutajwa, akapoteza alama, akapoteza kiti kinachozunguka. Alilifikiria hilo, tumtendee haki, kwa muda wa kumeza mate. Halafu akamwona Fiacre akitabasamu, akachagua uongo.

"Mgonjwa wetu, Madame E.," alisema kwa Kifaransa chake cha Jumapili, "ni muuza samaki wa Mahagi-Port, miaka arobaini, ana mume."

Papa Dominique akageuza shingo. Mahagi-Port anawajua wauza samaki wote. Na mezani pa jury, Profesa Willy akainua mkono.

Lazima umjue Profesa Willy. Mtu huyu amekaa kwenye jury nyingi, na hajawahi kufungua mémoire hata moja. Swali lake ni lilelile kila mwaka, "Umetupa mwanga gani mpya?" Lakini wiki ile malaria ilimlaza hospitali, simu yake imekufa, na kitabu pekee kilichokuwa pembeni ya kitanda kilikuwa cha Nathanaël. Alikisoma chote. Tena mara mbili!

"Bwana mwanafunzi," alisema, "ukurasa wa arobaini na saba unasema Kpandroma. Unasema mjane, unasema viazi. Huyu wa samaki ni nani?"

"Ni... ulimi umeteleza, Profesa."

"Ulimi usikutie wasiwasi, kazi ni nzuri. Nilitoa machozi, mimi!" Akavaa miwani. "Mtaniruhusu niwasomee maneno ya mama mwenyewe. Kanuni inataka yaandikwe jinsi alivyoyasema, na kijana ameifuata kanuni."

Kanuni ameifuata, ndiyo. Kila neno. Mpaka hapo familia ilikuwa inasinzia, maana Kifaransa cha wasomi kinalaza kuliko dawa. Lakini Profesa alisoma Kiswahili, na Kiswahili kila mtu alikisikia.

"'Nilimuambia mama mukwe: kaa hapa ku maharage, mi narudi sasa hivi. Na niko nasema narudi, nilijua sitarudi. Mungu ananiona, jirani ananiona, yeye pia alijua. Alinishika mukono, akasema: enda na batoto. Nikaenda. Sikumuangalia nyuma.'"

Msichana mmoja wa nyumbani, Abigaël, alicheka aliposikia kiapo, cheko la mazoea, halafu akaziba mdomo kwa mkono. Vichwa vikageuka. Mama Elisabeth hakuinua macho. Aliangalia mikono yake juu ya kitenge kipya, kama mtu aliyeambiwa afungue vidole aonyeshe alichoiba. Papa Dominique alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka bila kuaga. Mama Elisabeth akamfuata, na kiatu kimoja kikabaki chini ya benchi.

Jury ikaingia chumba cha pili kupanga alama. Nathanaël alikwenda dirishani. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, isiyo na jina la Kifaransa. Aliwaona uwanjani, mzee amempa mama mgongo, mama anasema, mikono inapanda na kushuka. Bingwa wa kusikiliza hakusikia hata neno.

Halafu Papa Dominique akakaa chini. Katika suti, kwenye vumbi. Kwetu mwanaume wa umri ule hakai chini. Kwenye msiba wanaokaa chini ni wanawake, yeye huletewa kiti. Mama Elisabeth akashuka kando yake na kichwa chake kikaangukia bega lake, na kilio kikatoka, kile kikubwa, kilichoanza na jina la Bibi Marta. Ndani ya ukumbi wanawake walikijua kilio hicho ni cha nini. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, na vitenge vyao vya sherehe, wakaenda kukaa chini. Matanga ya Bibi Marta yalikuwa yamefunguliwa, pale uwanjani pa chuo, bila kibali cha mtu.

Rais wa jury aliporudi aliyasomea mabenchi matupu alama ya juu. "Grande distinction!" Aliyepiga makofi ni Fiacre peke yake, polepole, mikono imelegea.

Nathanaël akatoka nje na karatasi yake. Sufuria zilikuwa zimefunuliwa, na mbuzi wa sherehe alikuwa anagawiwa wenye msiba. Hakuna aliyemuuliza alama. Alitaka kupiga magoti mbele ya mama yake mdogo, miguu yenyewe ilikuwa imeanza kujikunja, nasema kweli. Ndipo Profesa Willy akamfikia nyuma na kumnong'oneza, macho yanamng'aa.

"Unaona, kijana? Matanga yaliyochelewa! Mwanaume mzee chini! Hii ni thèse ya doctorat, kitabu kikubwa kuliko mémoire, nakuambia."

Na Nathanaël, Mungu amsamehe, akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu.

Mama Elisabeth alimwona. Akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, akanyoosha mgongo.

"Haya, andika," akasema.

Kilio kikakatika. Papa Dominique akainua kichwa, wanawake wakageuka, wote wakamtazama kijana na kalamu yake, wakingoja. Nathanaël naye akangoja. Hakuna aliyempa hata neno moja la kuandika, mpaka alipoondoka.