Bunduki ya Kutungulia Visahani

Gertrude alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaoisha kwa uji na usingizi. Huu ulikuwa wa tangu Februari, mahindi yalipoanza kubeba, na yeye peke yake akisimama shambani Tingi kutoka alfajiri hadi jua kuzama, akifukuza nyani.

Na nyani hawamwogopi mwanamke. Hilo kila mtu wa huku analijua, na anayebisha aje alinde. Gertrude alivaa suruali na koti la marehemu mumewe, Urbani, na siku ya kwanza walikimbia kweli. Akapiga bunduki, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Siku ya tatu dume moja lilikaa juu ya kichuguu likamenya hindi huku likimtazama, raha mustarehe.

Bunduki yenyewe Urbani aliachiwa, kwa karatasi zote halali, na mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Mbinga. Mzungu huyo alikuwa akirushiwa visahani vya udongo hewani, kisha anavitungua. Mtu mzima, na akili zake, anagombana na visahani! Lakini Urbani aliizoea ile bunduki na nyani walimheshimu. Alipokufa, kibali kikahamia kwa mjane wake, na hapo shemeji yake Mansuetus akakosa usingizi.

"Bunduki ya kaka yangu inapoteza risasi bure," Mansuetus alisema kwenye kikao cha ukoo.

"Hainikai begani, shemeji," alijibu Gertrude.

"Mchagua jembe si mkulima."

Wakacheka. Babu Joakim, mkubwa wa ukoo, akaamua: Jumapili baada ya misa Gertrude apige shabaha mbele yao. Akikosa, asaini bunduki iende kwa Mansuetus. Na ikienda kwa Mansuetus, kwaheri mahindi, maana bwana huyo hushinda Mbamba Bay wiki nzima, akirudi ni kula. Ekari mbili za shamba lile ndizo zilizowalisha Gertrude na mama mkwe wake, Bibi Hildegardi, mwaka mzima. Hawakuwa na kingine.

Alhamisi akaenda kwa fundi Zabron, Mnyasa wa Chiwanda, mchonga vitanda, mitumbwi na majeneza. Zabron alitundika mfuko mtupu wa saruji kwenye ukingo wa korongo, akachora alama ya mkaa katikati, akahesabu hatua thelathini. "Piga, mama."

Gertrude akapiga. Marisau yote, zile punje za ndani ya risasi, yalitoboa mfuko juu ya alama. Chini yake hapakuwa na hata tundu moja.

Zabron akaifungua bunduki, akahakikisha ni tupu, akamwambia aulenge tena ule mfuko. Juu ya mtutu kulikuwa na utepe wa chuma, fundi aliuita reli, na mwisho wake kishanga cha shaba. "Unaona nini?"

"Naona reli yote, imenyooka mbele yangu kama barabara ya Kitai."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Kitako hiki kinakuinua shavu, jicho linapanda juu mno. Hapo ulipaswa kuona kishanga na reli kidogo tu. Halafu bunduki hii tangu kiwandani inapiga juu. Kisahani kinapaa, mama. Nyani anakimbia chini. Mumeo lazima alikuwa anawalenga miguuni."

"Hakuniambia," Gertrude alisema. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, kwa mtu aliyelala kaburini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na neno dogo kama hilo amekwenda nalo!

Misumari ya kuzungushwa chini ya reli ilikuwa imeshika kutu. Zabron aliimwagia mafuta ya taa, wakangoja, kisha akaizungusha taratibu mpaka reli ikainuka upande wa mdomo wa mtutu. "Sasa ili ukione kishanga pale pale, utalazimika kuinamisha mtutu. Risasi itashuka." Akapima kitako kwenye mkono wa Gertrude. "Ni kirefu kwako. Hapa nikate upana wa vidole viwili. Na hapa pa shavu nirande. Mbao haiongezeki, mama. Nikate?"

Pale pa shavu palikuwa pamelainika na kung'aa kwa shavu la Urbani. Gertrude alipapapasa.

"Kata."

Randa ilipopita mara ya kwanza alilia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata msibani. Zabron alisimama. Gertrude akamwashiria aendelee.

Walipiga risasi nne, wakirekebisha baada ya kila moja, hadi matundu yakalingana juu na chini ya alama.

Jumapili ukoo mzima ulifika. Mfuko ukatundikwa, Gertrude akaweka shavu, akaona kishanga, akafyatua. Alama ya mkaa ikachanika vipande. Wanawake wakapiga vigelegele. Mansuetus akaichukua bunduki, akaiweka begani, ikamkaa kama koti la mtoto.

"Umekata bunduki ya kaka yangu!"

"Nimekata," alisema Gertrude.

Babu Joakim akainua mkono. "Yameisha. Bunduki ni ya mama huyu." Akakohoa. "Na maadamu tumeuona mkono wake, basi atatulindia na shamba langu. Si tumepakana?"

"Na letu kule bondeni," akadakia mwingine.

"Na langu," alisema Mansuetus, bila hata kumeza mate. "Mimi si niko Mbamba Bay."

Zikafika ekari kumi na moja. Gertrude alitaka kukataa, lakini Babu Joakim alikwisha kuinuka. Miguu ilikuwa inamuuma. Watu wakampongeza, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakaondoka.

Bibi Hildegardi alibaki. Alimtazama mkwewe kwa huruma.

"Mwanangu, kwa nini usingekosa tu, ukapumzika?"

"Ningekosa, mama," Gertrude alisema, akijaza risasi mfukoni mwa koti, "wewe ungekula nini?"